Mchonga mawe wa Moshi anauliza: niwafundishe vijana sasa, au nisubiri nijulikane kwanza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 29, niko Moshi, Majengo. Mchana nachonga majina kwenye mawe ya makaburi na kuchonga mawe ya kujengea. Jioni nachonga vichwa vya watu kwa mawe ya huku kwetu mlimani, bila kuagizwa na mtu. Wateja ni wachache. Wenzangu wanasema kaskazini hii kinyago ni mpingo, jiwe ni la waashi. Sasa vijana wawili wa mtaani wanataka niwafundishe, lakini fundi mmoja amenionya kwamba nikiwafundisha kabla sijapata jina watanipita na kuuza kwa bei ya chini. Kuna mtu alinisimulia habari za Joram Mariga wa Zimbabwe, kwamba alikuwa bwana shamba na ndiye aliyefundisha nchi nzima kuchonga mawe. Ni kweli? Naomba unieleze maisha yake, na unishauri kuhusu hawa vijana.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hao vijana, maana naona ndio waliokufanya uandike: wapokee. Wapokee mwaka huu huu, usingoje siku utakayoitwa msanii mkubwa. Sisemi hivyo kukufariji. Nimefundisha kuchonga hapa Arusha zaidi ya miaka thelathini, na kila nilipochoka kufundisha nilirudi kwenye maisha ya huyo huyo mtu uliyemtaja. Kwa hiyo nitakusimulia habari zake kwanza, kisha tuzungumze kazi.

Uliyoambiwa ni kweli kwa sehemu kubwa. Joram Mariga alizaliwa mwaka 1927, upande wa Chinhoyi, kaskazini-magharibi mwa mji ambao leo ni Harare. Alikulia kati ya watu wa kazi za mikono, na kuchonga mti kwao hakukuwa jambo la ajabu. Shule ya sanaa hakuiona. Alisomea kilimo, akaajiriwa na serikali, akapelekwa Nyanga, milima ya mashariki inayopakana na Msumbiji. Wewe unayeamka chini ya Kibo ungeizoea Nyanga mara moja: baridi ya asubuhi, ukungu unaokaa hadi saa nne, wakulima wenye vishamba vya mteremkoni. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akiwaonyesha watu namna ya kulima vizuri zaidi. Ukimwelewa Mariga kama bwana shamba utamwelewa pia kama mwalimu wa wachongaji, maana bwana shamba hawezi kufundisha kwa kukaa ofisini. Anaingia shambani kwa mtu, anashika jembe la mtu, anaonyesha, kisha anaondoka na kumwachia mwenye shamba alime. Akirudi msimu unaofuata, anaangalia kilichoota.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika kazi za barabara huko Nyanga, alikutana na jiwe laini, jamii ya jiwe la sabuni, ambalo lilikubali kisu. Akaanza kulichonga. Kazi za kwanza zilikuwa ndogo, vyombo na sanamu za kushikika mkononi. Hakukuwa na soko, hakukuwa na mnunuzi, na hakukuwa na mtu yeyote pale aliyekuwa akiishi kwa kazi hiyo.

Lakini jiwe lenyewe halikuwa geni katika nchi ile. Hata jina la nchi linatokana nalo. Sikiliza maneno ya Kishona ambamo jina Zimbabwe limetoka: dzimba dza mabwe, nyumba za mawe. Mswahili hahitaji mkalimani hapo. Mabwe na mawe ni ndugu wa tumbo moja. Katika magofu ya Great Zimbabwe walipatikana ndege wanane waliochongwa kwa jiwe la sabuni, na mmoja wao ndiye anayeonekana leo kwenye bendera ya nchi. Basi kulikuwa na mikono iliyojua jiwe karne nyingi zilizopita, kisha mnyororo ukakatika. Mariga hakuwa na mzee wa kumwambia jiwe hili ligongwe hivi. Ilibidi agundue upya.

Sasa fuatilia miaka, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu la swali lako. Alianza kuchonga mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 ndipo kazi zake zilipofika mbele ya Frank McEwen, Mwingereza aliyekuwa mkurugenzi wa jumba la taifa la sanaa mjini Salisbury, ndiyo Harare ya sasa, lililofunguliwa mwaka 1957. Kuanzia hapo ndipo mambo yalipofunguka: maonyesho, wanunuzi, majina kwenye magazeti ya Ulaya. Katikati, kabla ya huyo mkurugenzi, Mariga alifanya nini? Alifundisha. Aliwakusanya vijana waliokuwa karibu naye, jamaa na marafiki, akawapa mawe. Humo alikuwamo mpwa wake John Takawira, aliyezaliwa mwaka 1938, na baadaye Bernard, mdogo wake John. Alikuwamo Crispen Chakanyuka. Alikuwamo Bernard Manyandure. Mariga mwenyewe alikuwa bado anajifunza. Alikuwa mbele yao kwa hatua chache tu, kama wewe ulivyo mbele ya hao wawili wa Majengo.

Kwa hiyo mgeni alipokuja hakumkuta mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu kijijini. Alikuta kundi. Nakuomba uitafakari sana tofauti hiyo. Mchongaji mmoja ni kioja. Watu humnunulia kitu kimoja, wakapiga picha, wakaenda. Wachongaji sita wenye mikono tofauti, wanaotumia mawe ya sehemu moja, huwafanya watu waanze kuulizana kuna nini kule. McEwen alisaidia sana kufungua mlango, na sitaki kumnyima haki yake. Lakini vitabu vingi vimeandika kana kwamba yeye ndiye aliyeanzisha uchongaji ule, na hilo nalipinga kila ninapopata nafasi. Mlango ulifunguliwa kwa watu waliokuwa tayari wamesimama nje na mawe mikononi.

Yule Chakanyuka ndiye anayenigusa kuliko wote. Aliondoka Nyanga akaenda upande wa Guruve, kaskazini, na huko akakutana na mkulima wa tumbaku, Tom Blomefield, mwenye shamba liitwalo Tengenenge. Novemba 1965 serikali ya walowezi chini ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru, vikwazo vikafuata, tumbaku ikakosa soko. Shamba lilikuwa limejaa vibarua wasio na kazi, na kwenye vilima vyake kulikuwa na serpentini, jiwe gumu zuri la rangi nyeusi na kijani. Chakanyuka aliwaonyesha kwamba jiwe lile linachongeka. Mwaka 1966 Tengenenge ikawa kijiji cha wachongaji. Wengi wao hawakuwa hata Washona, kabila kubwa la nchi ile. Walikuwa vibarua waliotoka Malawi, Angola na Msumbiji, kila mtu na hadithi za kwao. Ndiyo maana jina wanalolitumia watu wa nje, sanaa ya Washona, linawaacha watu wengi kando.

Unaona mstari ulivyokwenda? Bwana shamba akamfundisha kijana, kijana akahama, akawaonyesha vibarua wa tumbaku. Mariga hakuifundisha nchi nzima kwa mikono yake mwenyewe. Aliwafundisha watu wachache, na hakuwafunga kamba. Mwaka 1971 sanamu za wachongaji wa Zimbabwe zilionyeshwa Paris, katika Musée Rodin, nyumba ya makumbusho yenye jina la mmoja wa wachongaji wakubwa kuliko wote wa Ulaya. Kutoka jiwe la barabarani Nyanga hadi pale ni miaka kumi na mitatu hivi.

Je, wanafunzi wake walimpita? Nitakujibu wazi, kwa sababu ndiyo hofu uliyoiandika. Ndiyo, kwa namna fulani walimpita. John Takawira, kabla ya kufariki mwaka 1989, alikuwa na jina kubwa katika majumba ya sanaa ya nje, na wako wapenzi wa sanaa wanaomjua yeye wasimjue mjomba wake. Lakini hadi Mariga alipofariki mwaka 2000 watu walimwita baba wa uchongaji wa mawe wa Zimbabwe, na kazi zake ziliuzwa katika soko ambalo wanafunzi wake walisaidia kulijenga. Bila wao soko hilo lisingekuwapo, si kwao wala kwake.

Onyo la yule fundi wako, hata hivyo, si la kupuuzwa. Kuuziana kwa bei ya chini kupo. Tembea hapa Arusha, soko la vinyago la Fire Road, uone. Twiga yule yule yuko kwenye kibanda cha kwanza, cha tano na cha ishirini. Urefu ule ule, shingo ile ile. Mteja akishaona ishirini, kilichobaki cha kuulizia ni bei tu, na bei inashuka hadi mchongaji anakula hasara. Nimewahi kulia kwa ajili ya watu wenye mikono mizuri waliomalizwa namna hiyo. Lakini ugonjwa huo hautokani na kufundisha. Unatokana na kufundisha mfano badala ya kufundisha kazi. Ukimpa kijana kichwa chako na kumwambia atoe kingine kama hicho, umemfundisha kukuibia. Wewe mwenyewe umemkabidhi ufunguo. Ukimfundisha kunoa tindo, kusikiliza jiwe, kujua wapi pa kuacha, kisha ukamwambia atoe kitu kilichomo kichwani mwake, atakachotoa hakitafanana na chako hata akitaka. Katika kundi la Nyanga na lile la Tengenenge jambo hili lilitiliwa mkazo: usichonge cha mwenzako. Ndiyo maana mtu aliyezoea anaweza kuitambua kazi ya Takawira kwa mbali asiichanganye na ya Mariga, yenye watu waliotulia, wa kutazamana nawe uso kwa uso, wenye vichwa vikubwa kuliko miili.

Nami nilionja ufundishaji wa aina nyingine. Nilipoanza, fundi aliyenipokea, simtaji, alinipa msasa na ndoo ya maji. Nilisugua kazi zake miaka miwili. Alipotaka kunoa zana aligeuka upande wa ukuta ili nisione pembe anayoishikia tindo. Alipotaka kuchagua jiwe aliniagiza chai. Siku alipougua ghafla, kulikuwa na oda nusu imekwisha na mteja ameshalipa sehemu ya pesa. Hakuna aliyeweza kuimaliza. Mimi nilijua kung'arisha tu, na kitu ambacho hakijachongwa hakiwezi kung'arishwa. Mkewe alirudisha ile pesa kwa kuuza mbuzi. Alificha kazi yake vizuri kiasi kwamba ilimficha hata yeye. Hakuna leo anayeweza kusema huu ndio mkono wa fulani. Sina kinyongo naye, lakini siku ile niliapa kwamba kijana wangu wa kwanza atajifunza kunoa siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye hilo neno la wenzako, kwamba jiwe si letu. Waambie waende Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina mapambo yaliyochongwa kwa matumbawe. Waende Kizimkazi, Unguja, waone maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla ya msikiti, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Wale mafundi walikata matumbawe mabichi kutoka baharini, yakiwa bado laini, wakayachonga upesi. Yakikaa hewani hukazana. Hiyo ni elimu ya jiwe, iliyokamilika, karne nyingi kabla hatujaanza kuwauzia watalii mpingo. Na sarafu ya huyo huyo Sultani wa Kilwa imewahi kuokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe. Dhahabu ya kule ilishuka hadi pwani ikapita mikononi mwa watu wa Kilwa. Kwa hiyo unapochota mafunzo kutoka Zimbabwe huendi ugenini.

Na huku kaskazini pia jiwe lilikuwa na watu wake. Sinya, wilaya ya Longido, jirani na Amboseli ya Kenya, kulichimbwa jiwe jeupe ambalo wataalamu huliita mirshamu, na hapa mjini Arusha kulikuwa na kiwanda kilicholichonga kuwa viko vya kuvutia tumbaku, vikauzwa hadi Ulaya. Ni jiwe la ajabu. Likiwa na unyevu linakubali kisu kama jibini. Likikauka linakazana na kuwa jepesi hata linaelea juu ya maji. Mimi nilifanyia mazoezi mabaki ya jiwe hilo, vipande vilivyotupwa kwa kuwa na ufa, na hadi leo nikishika kipande chake mkono wangu unajua cha kufanya kabla ya kichwa.

Hapo ndipo napenda kumfuata Mariga kwenye jambo la pili, ambalo wengi wanaosimulia maisha yake hulipita haraka. Alianza na jiwe laini, lakini hakukaa hapo. Alihamia kwenye mawe magumu, serpentini na hata lepidoliti, jiwe zuri la zambarau, na akawavuta wanafunzi wake waende naye. Kwa nini mtu aache jiwe linalokatika kwa kisu akajitesa na linalorudisha nyundo? Jiwe laini linasamehe kila kitu. Unaweza kulichonga huku unawaza mambo mengine. Linakubali pia kukwaruzwa na kila apitaye, na sanamu ya nje ikipata mvua na watoto haina miaka mingi. Jiwe gumu linakulazimisha uamue kabla hujapiga. Sanamu zikawa na maumbo makubwa yaliyotulia, yasiyo na vidole vyembamba wala masikio ya kuvunjika, na huo ndio uzuri ambao dunia iliusifu. Watu walidhani ni mtindo uliobuniwa. Kwa sehemu kubwa ni jiwe lenyewe lililoamua.

Wewe, bila kujua, umeanzia mahali Mariga alikofika. Jiwe la Kilimanjaro ni la volkano, na si la aina moja. Lile lenye matundu kama mkate, liache lijenge kuta. Tundu moja likikutokea kwenye jicho la sanamu, kichwa kimekwisha. Tafuta lile lililoshikana, la kijivu kizito. Kati ya mawe ya Kibo kuna linaloitwa fonoliti, na jina hilo maana yake ni jiwe la sauti, kwa sababu likigongwa linalia. Tumia jambo hilo. Kabla ya kununua au kubeba jiwe lolote, lining'inize kidogo au liinue upande mmoja, ligonge kwa nyundo ndogo, usikilize. Likilia kama kengele ya shule, ni zima. Likijibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka, lina ufa ndani hata kama uso wake ni safi. Kwa njia hiyo nimekataa mawe mazuri kwa macho na sijawahi kujuta. Mawe uyapate kwa wenye machimbo yenye kibali. Usiyatoe mtoni kwa siri usiku, mtakuja kugombana na watu wa bodi ya maji ya bonde na serikali ya mtaa.

Jiwe hilo halitang'aa kama serpentini ya Zimbabwe, na usililazimishe. Wazimbabwe husugua kwa msasa na maji, kuanzia mkali hadi laini kabisa, kisha huipasha sanamu moto na kuipaka nta, ndipo weusi unatokea kama maji ya usiku. Usijaribu moto huo kwenye jiwe lako la volkano likiwa na unyevu. Maji yaliyomo kwenye vitundu yakigeuka mvuke yanaweza kulipasua, na vipande vitakurukia usoni. Chukua kwao jambo jingine: kuacha sehemu ya ganda la jiwe jinsi lilivyotoka ardhini, kando ya sehemu uliyoisugua. Uso laini, nywele zikiwa ni ngozi ya jiwe lenyewe. Kwa jiwe lako hiyo itakupa zaidi kuliko mng'ao.

Jiwe la kijani lenye madoa mekundu ya rubi kutoka Longido, ambalo najua linakuvutia maana kila kijana hunitajia, liache kwanza. Kijani chake kina ugumu wa kama 6 na nusu katika kipimo ambacho almasi ni 10, lakini rubi iliyomo ina ugumu wa 9. Tindo ikipita, kijani kinatoka na nyekundu inabaki imesimama inakutazama. Hilo linataka mashine zenye meno ya almasi. Ukifika huko, hapa Arusha kuna Kituo cha Jimolojia Tanzania wanakofundisha kukata na kung'arisha vito.

Hao vijana usiwape jiwe lako la mlimani siku ya kwanza. Wapitishe njia ile ile ya bwana shamba: laini kwanza. Jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, linafika hapa Arusha kwa wafanyabiashara wa vinyago. Nunua vipande vidogo. Siku ya kwanza wafundishe kunoa, na zana ziwe za kwao wenyewe, hata kama ni tindo mbili za springi ya gari zilizopigwa na mhunzi. Mwenye zana yake huitunza. Kisha wape mawe kumi wagonge na kukuambia lipi zima na lipi bovu. Baada ya hapo kila mmoja achague lake na alichonge apendavyo, nawe kaa mbali. Kukaa mbali ndiko kugumu. Mkono utakuwasha kumsahihishia pua. Usiishike nyundo yake. Ukimaliza wewe ile pua, kichwa kile kitakuwa chako na yeye hatakigusa tena kwa moyo. Kazi akiiuza, pesa ni yake. Akikusaidia kwenye mawe yako ya makaburi, mlipe siku hiyo hiyo. Mambo mawili haya yakichanganywa ndipo ugomvi unapozaliwa na watu wakasema wamefundisha nyoka.

Mawe ya makaburi yenyewe usiyaache. Mariga alichonga kwa miaka akiwa bado mtumishi wa serikali, na mshahara ule ndio uliompa uhuru wa kuchonga asichoagizwa. Kwako, kila jina unalochonga kwa ajili ya marehemu linakupa chakula na mazoezi ya herufi. Kichwa cha jioni hakina haja ya kukimbizwa sokoni.

Na vumbi. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu nimezika watu. Mawe mengi yana madini ya silika, na baadhi ya serpentini na mawe ya sabuni huwa na nyuzi za asbestosi zisizoonekana kwa macho. Vumbi hilo likiingia ndani kabisa ya mapafu halitoki. Uliza Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, si mbali na kwako, wanawajua vizuri wachimbaji wa Mererani waliofika hawawezi kupanda hata ngazi tano. Lowesha jiwe. Fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Grinda isiguse jiwe kavu. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile ya kubana pembeni, maana kitambaa kilichofungwa puani kinazuia mchanga tu. Na usifagie kiwanja kikavu. Mwaga maji kwanza. Hao vijana wawili wataiga unachofanya kuliko unachosema, kwa hiyo wakikukuta unakata jiwe bila barakoa siku moja tu kwa haraka ya mteja, umeshawafundisha.

Nimeandika mengi, na bado sijakiona hata kichwa chako kimoja. Basi la asubuhi kutoka Moshi linakufikisha hapa kabla ya jua kuwa kali. Njoo Jumamosi yoyote, uje nao wote wawili. Sanamu ziacheni nyumbani. Kila mmoja abebe jiwe moja ambalo hajaligusa kwa tindo, alilolichagua mwenyewe, nasi tutaanza kwa kuyagonga.